Kiti Yenye Mwenzangu Alilipia

Bandugu zangu, amani ya Bwana ikuwe na ninyi. Wengi hapa Beu, mu muji ya Beni, bananijua na uniforme. Leo niliiacha kambini, juu najua kuna batu hapa roho yao inaruka bakiona ile rangi. Sibalaumu. Munisikilize tu kama mutu.

Miye niko mutoto ya Kasai. Niliingia jeshi juu kwetu sikuona njia ingine, kisha balituleta huku Kivu. Wakati tulikuwa Butembo, nikaanza kusoma agronomie, kazi ya mashamba, mu institut moja ya pale. Solde yangu, mushahara wa jeshi, karibu yote ilikuwa inaenda mu frais académiques, pesa ya masomo. Basoda, maaskari benzangu, balikuwa bananicheka: «Soda wa kusomea jembe!» Mais miye nilikuwa nawaza siku nitavua buti. Mutu hawezi kuzeeka na bunduki.

Mu auditoire, chumba ya masomo, batu balikuwa banaacha nafasi wazi pembeni yangu. Kijana mumoja tu njo alikuja kukaa pale. Alikuwa mutoto ya hapa hapa Beu. Mama yake alikuwa na shamba ya kakao ngambo ya Mavivi, na ile kakao njo ilikuwa inamusomesha. Wakati balinihamisha kambi ya Mavivi, yeye njo alikuwa ananiandikia cours za mwalimu, anazituma na mutu wa moto, wa pikipiki. Nikipata ruhusa, napanda Butembo, ananielezea yote nilikosa. Nawaambia, bandugu: yeye mwenyeji, miye mugeni na bunduki, na hakuniuliza hata siku moja nilitafuta nini huku.

Bon. Vakansi ya kati ya mwaka ikafika. Mwenzangu akashuka huku kumusaidia mama yake kuvuna. Asubui moja tukasikia masasi upande ya mashamba. Tukangoja amri, na amri ikakawia. Tulipofika, wauaji, bale baasi ya pori, balikuwa bamekwisha kurudi mu pori. Nilimukuta amelala kati ya miti ya kakao. Nilimutambua na viatu vyake. Chef akasema turudi mbio, pale hapakuwa salama. Sikuweza kumuacha. Nilimubeba ku mugongo mpaka ku barabara.

Nilienda ku kilio na nguo ya kiraia. Mama yake akanijua tu. Akasimama mbele ya batu bote.

«Weye soda, mulikuwa wapi?»

Nilitoka, nikapitia nyuma ya nyumba.

Tangu pale mambo yangu yakaanguka. Balinibadilisha unité, kikosi, jina yangu ikapotea mu paie, mu liste ya mishahara, miezi ikapita bila solde. Ku institut balinisimamisha ku mulango wa session ya mitihani: haujalipa, hauingie. Sikubishana. Niliona hata nilistahili ile. Nikaanza kulala na pombe, kuamka na pombe. Ku garde, ku zamu ya kulinda, nilikuwa nawaza kugeuza bunduki upande yangu. Nasema hii mbele ya altare juu pengine kuna kijana hapa iko mu ile hali, na sisi tunaona anacheka tu.

Siku moja simu ikalia. Sauti ya mwanamuke.

«Niko mama ya mwenzako. Kesho ukuje Butembo, ku institut.»

Akakata. Alikuwa amekimbilia Vuhovi, upande ya Butembo, kwa dada yake. Nilijua anaenda kunitukana tena mbele ya batu. Nikaenda.

Nilimukuta mu bureau ya secrétaire, amesimama na kitambaa nyeusi ku kichwa.

«Mutoto yangu alilipa mwaka muzima,» alikuwa anasema. «Alisoma nusu.»

«Pole sana, mama. Mais pesa ikisha kuingia, hairudi.»

«Nilikuomba pesa? Alilipia kiti. Kiti iko wazi. Huyu ataikalia.»

Akanionyesha na kidole, bila kuniangalia. Miye nikasema: «Mama, hapana. Siwezi.»

Hapo njo aligeuka.

«Usifikiri nilikusamehe. Kila siku nauliza mulikuwa wapi. Mais kuna bamama benzangu, batoto yao bangali mu pori, habana hata kaburi. Wangu iko na kaburi, juu weye ulimubeba. Nenda usome.»

Secrétaire akaingia kwa mukubwa wake. Tukangoja, miye na mama. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. «Aingie ku session,» akasema.

Musifikiri ilikuwa furaha. Kila cours niliisoma kama mutu anavaa koti ya maiti. Mais niliacha pombe, juu niliona haya kuingia mule na ile arufu. Mwaka wenye kufuata, jina yangu ikarudi mu paie, nikalipa mwenyewe mpaka mwisho. Nikapata diplome.

Siku ya collation, ya kutoa madiplome, mama hakukuja. Nikamupelekea diplome kule Vuhovi. Akaishika, akafuata maandishi na kidole, polepole, mpaka chini. Nilijua anatafuta jina gani. Akanirudishia. Kisha akaweka sahani ya maharagi mbele yangu.

«Kula,» akasema. «Umekonda.»

Nikamushukuru mu Kinande: «Wasingya, mama.» Aliniongezea maharagi.

Bandugu zangu, namushukuru Mungu. Namushukuru ule secrétaire na mukubwa wake. Na mama yule, hayuko hapa, hawezi tena kushuka Beni. Shamba yake iko vile aliiacha, kakao inaozea ku miti.

Batu wengi banasema: roho yangu ikipoa, njo nitasaidia. Huku kwetu roho itapoa siku gani? Mama alinisaidia na uchungu yake yote ndani, na hakuificha. Na ninyi musingoje.

Nimemaliza. Jua inashuka. Murudi manyumbani kungali mwangaza, mutembee pamoja. Amina.