Bi Mapigo na Wale Kumi na Wawili Wasio na Sikio

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Utangulizi wa Muziki chuoni kwetu, Bi Mapigo anarudisha ufunguo wa chumba namba saba. Jina hilo huwatisha wageni, ilhali mama huyu hajamwinulia mtu hata rula. Alilipata kwa kuhesabu mapigo ya muziki kila aendapo: ngazini, kwenye foleni ya chai, hata jikoni kwake. Mumewe, fundi viatu, anashuhudia kwamba akikata vitunguu huambiwa ameacha mdundo.

Alikuja kama mwalimu wa majaribio, kwa mwaka mmoja. Enzi hizo kila aliyetaka kusoma muziki alipimwa sikio kwanza: mwalimu anapiga nota kwenye kinanda, wewe unaiimba. Ukikosea mara tatu, jina lako linabandikwa ubaoni chini ya maneno "Hawana Sikio", nawe unatafutiwa somo jingine. Bi Mapigo aliisoma orodha ile, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara kuomba kipimo kifutwe. Mkuu alikataa. Alisema yeye hakuajiriwa kumpigia mbuzi gitaa.

"Basi nipe hao mbuzi kumi na wawili kwa muhula mmoja," mama alijibu. "Wakishindwa, naondoka nao."

Haikuwa mzaha. Binti yake alikuwa bado ananyonya, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Alipewa stoo ya viti vibovu. Kabla ya kugusa ala yoyote, wanafunzi walitembea koridoni wakikanyaga moja, mbili, tatu, nne. Siku ya pili mlinzi alidhani ni maandamano, akafunga geti na kumwita mkuu wa chuo, aliyefika mbio na kukuta waandamanaji wakilitafuta pigo la nne.

Stooni, kusema "sina sikio" kulikuwa marufuku. Aliyeteleza alifuta ubao wiki nzima. Na mtu aliyeshindwa kuifikia nota, Bi Mapigo hakumkimbiza. Aliitafuta kwenye kinanda ile nota ambayo mtu huyo alikuwa tayari anaiimba, akaanzia hapo, akamsogeza hatua kwa hatua kama anayemvusha mtoto barabara.

Muhula ulipoisha, watahini watatu waliketi nyuma ya pazia. Waliimba watu ishirini na wanne: kumi na wawili wa stoo, na kumi na wawili waliofaulu kipimo, wakichanganywa. Watahini walitakiwa kuwataja kumi na wawili wenye sikio. Walipofungua karatasi, saba kati ya waliotajwa walikuwa wa stoo.

Mkuu wa idara alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha alikwenda mwenyewe ubaoni na kuibandua ile orodha. "Mwalimu," alisema, "hamia chumba namba saba." Kipimo hakijarudi hadi leo.

Mwandishi wa maneno haya hakuwa miongoni mwa wale saba. Alikuwa kati ya watano wa stoo ambao hata watahini waliwakataa. Bi Mapigo alimwambia arudi Jumatatu, naye akarudi. Muhula ujao ndiye atakayelishika somo hili.

Tangu siku ile, wanafunzi wapya zaidi ya elfu tatu wamepita mikononi mwake: wauguzi, mafundi umeme, wanasheria, na mpishi mmoja wa chuo aliyeingia kuuliza idadi ya chai akabaki miaka miwili. Wiki iliyopita mia moja na arobaini kati yao walijaza ukumbi na kumwimbia kwa sauti nne. Mlinzi wa sasa aliacha milango wazi.

Bi Mapigo hastaafu ili akae. Jumatatu anaanza kujifunza kuogelea, yeye ambaye hajawahi kuingia maji yanayopita magoti. Taulo amenunuliwa na mumewe.

Mama, ahsante kwa kila sikio ulilokataa kulikatia tamaa. Tunakuombea afya tele, maji ya uvuguvugu, na mwalimu mwenye subira kama yako.