Maisha ya Lavern Stadnyk, Diwani Aliyesema Ukweli wa Ziwa

Mungu alimleta ndugu yetu Lavern duniani tarehe 9 Aprili 1947, katika shamba la ngano karibu na mji wa Orlivka, jimbo la Saskatchewan, mtoto wa nne wa Wasyl na Paraska. Alisoma shule ya chumba kimoja, akamaliza sekondari mjini mwaka 1965, akawa fundi bomba. Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa Doreen, ambaye hadi leo husema bwana harusi alikuja na grisi kwenye kucha.

Mwaka 1994 aligombea udiwani. Kura zililingana, karani akachomoa jina lake kwenye kofia kama sheria inavyotaka. Alitumikia miaka kumi na sita.

Familia haitaficha lililomchukiza hadi kufa. Madiwani wetu walizoea kuamua mambo ya mji mgahawani, kwenye kahawa ya asubuhi. Ukumbini walikwenda kuinua mikono tu. Januari 2010 bwawa la majitaka lilijaa, wakakubaliana kulifungulia ziwani, chini ya barafu, watu wasione. Lavern alikuwa mezani. Alinyamaza.

Wiki mbili baadaye, kesho yake ikiwa mashindano ya kuvua samaki kupitia matundu ya barafu ziwani, alikwenda kutoboa lake. Ikapanda harufu ya choo. Alitapika kwenye theluji, akamwendea meya, Garth Penner.

"Futa mashindano."

"Lavern, mji mzima unangoja. Na wewe ulikuwepo, au kahawa ilikuziba masikio?"

"Nilikuwepo. Ndiyo maana nanuka kama ninyi."

Asubuhi, kabla watu hawajatoka kanisani, alisimama akawataja wote waliokuwa mezani, akianza na yeye mwenyewe. Mashindano yalifutwa. Mji ulikasirika kwa kuaibishwa, na uchaguzi uliofuata alipata kura kumi na moja. Wenzake walirudi wote, bila haya. Watu wakaacha kumwita kwenye mabomba yao. Mlangoni pake wakatupa samaki waliooza.

Saratani ya ini iligunduliwa Septemba 2022. Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 2023, akiwa amepokea sakramenti. "Kura sizijutii, mama," alimwambia mkewe. "Najutia zile wiki mbili."

Meya Penner ameomba kuzungumza leo hapa mazikoni. Doreen amemjibu: "Ashike koleo afukie kaburi kama wengine. Kusema, hapana."

Ameacha mke, mabinti wawili, Carla na Oksana, wajukuu watano na dada yake Olga.

Bwana ampumzishe kwa amani, nasi tuliobaki atufungue vinywa.