Mapazia ya Jabez Thurlby

Mchungaji, ndugu, majirani wa Mtaa wa Larkin, na nyinyi mliosimama kule nyuma na utepe wa zambarau wa chama cha Madam Orme, ambao hatukuwaalika lakini pia hatuwafukuzi, familia imenituma mimi Keziah, dada mkubwa wa marehemu, niwasomee maisha ya ndugu yetu Jabez Thurlby. Tulishauriwa kwamba siku ya mazishi wanawake hubaki nyumbani nyuma ya mapazia na wanaume ndio huzika, nasi tukajibu kwamba habari ya mapazia ndiyo hasa iliyotuleta hapa, kwa hiyo mjane wa marehemu, Hesba, ameketi safu ya mbele, na hapo ndipo atakapobaki.

Jabez alizaliwa Deptford, tarehe 11 Februari 1836, mtoto wa nne wa mzee Amos Thurlby, msokotaji wa kamba za meli, na mama Dorcas. Mwaka 1842 alianza shule ya parokia, na kabla ya kuimaliza mwaka 1847 alichapwa viboko mbele ya darasa zima, kwa sababu mwalimu alikuwa akiwasimulia habari za mtawa asiye na kichwa anayetembea kwenye mnara wa kanisa, na Jabez akanyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, uliona au uliambiwa?" Nilikuwepo. Viboko vilikuwa sita, na alipokaa chini akanong'ona, "Basi aliambiwa."

Akiwa na miaka kumi na moja aliingia kazini katika kiwanda cha ngozi hapa Bermondsey, na huko alipata vitu viwili ambavyo hakuachana navyo maisha yake yote, pua iliyotambua kila harufu na kikohozi kilichoanzia kwenye chokaa ya mashimo ya ngozi. Naomba mkikumbuke hicho kikohozi, tutakirudia. Tarehe 5 Mei 1857 alijiunga na polisi wa London, na mwaka 1870 akapandishwa kuwa mpelelezi, na kwa kuwa wenzake walizikwepa kesi za mizimu, zote zikamwangukia yeye. Ndiye aliyemfuata mzimu wa gati ya Rotherhithe, uliokuwa uking'aa kijani ukutani na kuwatimua walinzi, akanusa harufu ya viberiti hewani, akaandamana na pua yake mpaka kwenye ghala la chai ya magendo, na humo akamkuta mzimu mwenyewe akinawa mikononi ile dawa ya viberiti iliyong'aa. Ndiye pia aliyekaa Clerkenwell nyumbani kwa fundi saa mmoja, ambako kengele ya chumbani ililia ingawa waya wake ulikuwa umekatwa, akaitazama ikilia, akabomoa ukuta, asikute kitu, na alipoulizwa taarifa iandikweje akasema, "Andikeni sijui." Wapo wanaomsingizia kwamba alikana mizimu. Hakukana. Alichosema ni kwamba mzimu wa kweli hautozi kiingilio. Mwaka 1879 mkubwa wake mmoja alimtaka awaache waungwana na meza zao za kuita wafu zinazogongagonga, naye akaiacha kazi, akafungua ofisi sebuleni kwake.

Tarehe 14 Juni 1864 alifunga ndoa na Hesba Lorrimer, mshona kofia, katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto watatu, Enoch ambaye yuko baharini na bado hajui, Ruth aliyemshika mama yake mkono pale, na Tamsin, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1867 na kuchukuliwa na homa tarehe 9 Januari 1874.

Majira ya kuchipua ya mwaka huo, kwa uchungu ambao aliyezika mtoto hahitaji kuelezwa, Hesba alikwenda Kennington kwa Madam Sabina Orme, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuita wafu. Taa zilizimwa, watu wakashikana mikono, na sauti tamu ya mtoto ikasema, "Mama yangu mpenzi, usilie, huku kuna maua." Hesba alilia, kisha machozi yakakatika ghafla, kwa maana Tamsin hakuwahi hata siku moja kumwita mama. Alikuwa amemsikia baba yake tangu asubuhi hadi jioni akiita "Hesba! Hesba!", naye akashika hivyo hivyo, wakamrekebisha mpaka wakachoka. Hesba akainuka gizani, akatoka, akafika nyumbani na kumwambia mumewe, "Jabez, yule mwanamke amevaa sauti ya mwanangu kama kofia. Nenda ukamvue."

Ilimchukua miaka kumi na miwili na zaidi, na si kwa uvivu, bali kwa sababu mtu aliyelia mbele za watu hapendi kuambiwa kwamba alilizwa, na bila shahidi hakuna kesi. Halafu mzee Cuthbert Aske, rubani mstaafu wa Mto Thames ambaye wengi wenu mlimjua, akaambiwa mezani pale na sauti ya marehemu mkewe aache dawa ya moyo na akiandikishie chama nyumba yake, akayatii yote mawili, na tarehe 3 Novemba 1886 akafa. Jabez alikwenda Kennington, akiwa na kikohozi chake, kumwambia Madam Orme kwamba anamshtaki, na Madam Orme akamnyooshea kidole mbele ya wageni wake, akasema, "Wewe Thurlby, maua ya mwaka ujao hutayaona!" Ndugu yetu akavua kofia, akajibu, "Madam, daktari wangu aliniambia hivyo hivyo mwezi wa sita, na yeye hata taa hakuzima." Daktari Prosser yupo hapa. Mapafu yale aliyapima mwezi wa sita, laana ikaja mwezi wa kumi na moja, na kama kuna laana inayofanya kazi kwa kurudi nyuma, sisi hatujaisikia.

Alhamisi tarehe 17 Februari mwaka huu, akiwa hawezi tena kushuka ngazi, marehemu alimwomba mkewe ashushe mapazia yote ya mbele na kuifunga kitambaa cheusi pete ya kubishia mlangoni, kama inavyofanywa mtu anapofariki. Hesba aligoma, akasema, "Kuufunga mlango kitambaa cha msiba mtu akiwa hai ni kukiita kifo chenyewe kije!" Jabez akamwambia, "Daktari kaniua, polisi waliniua zamani, na Madam kaniua. Kifo hiki kimoja nacho tukitumie sisi." Hesba akasema, "Ukinifia ndani ya mapazia haya, Jabez, nitakuua," kisha akachukua kitambaa na kushuka, akilia na kucheka, nami nilikuwa jikoni nikamsikia. Hakumwambia mtu yeyote kwamba mumewe amefariki. Alishusha mapazia, na mtaa ukajijazia yaliyobaki.

Bwana Tobias Huckle, mwenye bucha iliyo mkabala na nyumba yetu, aliona mapazia, akavua kofia kwa heshima, na jioni akabeba habari hadi Kennington, kwa kuwa alikuwa hakosi meza ya Alhamisi. Asubuhi ya Ijumaa akabisha na paja la kondoo mkononi na macho mekundu, akasema, "Mama Thurlby, poleni. Nimekuja na salamu zake. Jana alisema nasi, alilia sana, anamwomba Madam Orme msamaha, anasema alikosea na kesi ifutwe." Hesba akamwambia, "Panda juu, Bwana Huckle, ukamuage." Akapanda taratibu, akafungua mlango, na Jabez alikuwa ameegemea mito minne anakula mikunga ya kuchemsha, wale samaki warefu kama nyoka, akamwambia, "Karibu, Tobias. Hebu nikumbushe, jana nilisema nini?" Bwana Huckle alikaa juu ya ndoo ya makaa, na makaa yakiwemo. Walizungumza mpaka mchana, na alipotoka alikuwa ameahidi kusimama mahakamani yeye na wengine watano, Jumatatu hii inayokuja kesi ya Madam Orme itakaposikilizwa, na hiyo ndiyo kesi ya mwisho ya ndugu yetu, aliyoimaliza kitandani bila kuvaa viatu.

Jumapili tarehe 20 Februari 1887, saa tisa alasiri, Jabez Thurlby alifariki kwa maradhi ya mapafu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Hesba, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Tangu hapo maneno mawili yanatembea mtaani, na tunayajua hata milango yalikotokea. La kwanza linasema kwamba roho yake ilitangulia siku ya Alhamisi na mwili ukafuata, ndiyo maana Madam Orme aliisikia. Kama ilitangulia, basi iliacha tumbo nyuma, maana mikunga ile ya Ijumaa aliimaliza na kudai siki. La pili ni la wanawake wanaovuka barabara wakimwona Hesba, na kusema ndiye aliyekiita kifo kwa mapazia yake. Hili linatuuma na tunalisema wazi. Hesba alijua mtasema, akajua akiwa bado na kitambaa mkononi, na akakifunga, kwa ajili ya mzee Aske asiye na ndugu na kwa ajili ya kila mama atakayeuziwa sauti ya mwanawe. Anayemlaumu Hesba leo anamtetea Orme Jumatatu, ajue hivyo.

Familia inamshukuru Daktari Prosser, aliyepanda ngazi zile kila siku na kusema ukweli kila siku, tunawashukuru wapelelezi wenzake waliobeba jeneza, mchungaji aliyetufungulia mlango sisi wanawake, na majirani walioleta supu, pamoja na wale walioileta wakachungulia kama kweli amekufa safari hii. Tunamshukuru Bwana Tobias Huckle kwa lile paja la kondoo. Najua, Tobias, kwamba tangu Jumapili hulali, na najua kuna waliokuambia ubaki dukani Jumatatu. Jaji hatakuuliza habari za roho wala za laana. Atakuuliza lile lile alilochapiwa ndugu yangu akiwa mtoto, kama uliona au uliambiwa, na wewe, Bwana Huckle, ulimwona, ana mkunga mdomoni.

Pumzika sasa, Jabez, mapazia yameshushwa kwa haki. Mwambie Tamsin kwamba Hesba hajambo. Lala kwa amani, ndugu yangu, na wakikuita kule Kennington, usiitike.