Mlango Ambao Nadine Aliweza Kuufungua

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Baba Mchungaji uliyetuombea. Mkuu wa Shule na walimu wote. Wazazi mliotoka Makere, Munanila na hata Kibondo. Wanafunzi, wadogo zangu. Na wewe Mwalimu wetu Esteri Niyubahwe, unayestaafu leo, ambaye ningekutaja wa kwanza kama itifaki ingeniruhusu, nakusalimu kwa lugha ya nyumbani: mwakeye neza!

Naitwa Irakoze. Nilisoma hapa, na sasa ni mhandisi ughaibuni, katika kampuni inayounda chombo cha kupeleka watu angani. Mimi mwenyewe sijawahi kupaa juu kuliko ndege ya abiria. Kazi yangu ni kuandika masharti ya usalama wa wanaanga: hewa watakayovuta, viti watakavyofungiwa mikanda, na zaidi ya yote, watatokaje mambo yakiharibika. Watu huniuliza, elimu hiyo uliipata wapi? Niruhusuni niwajibu mbele ya mwenyewe aliyenipa.

Nilipokuwa kidato cha pili, bweni jipya la wasichana lilikamilika. Lilikuwa zuri jamani, linanukia rangi! Madirisha yalikuwa na nondo zilizochomelewa, kwa hofu ya wezi, na mlango ulikuwa mmoja tu, komeo lake likiwa juu kabisa. Sisi tulishangilia. Mwalimu Esteri, aliyetufundisha fizikia na kuwa mlezi wetu wa bweni, aliingia, akazunguka kimya, kisha akamwita Nadine.

Nadine, mwenzetu wa darasani, alitembea kwa magongo tangu utotoni. Mwalimu akamwambia, "Jifungie ndani, mwanangu, halafu utoke peke yako." Nadine akajaribu. Kila alipoinua mkono kulifikia komeo, gongo lilimponyoka. Mwishowe akaangua kilio.

"Nisamehe, Mwalimu. Nitalala karibu na mlango, wenzangu watanifungulia."

Mwalimu alipiga magoti kwenye saruji ile mpya, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. "Wewe huna kosa, mwanangu, mwana wanje. Mlango ndio una kosa."

Akatukataza kuhamia. Tukaendelea kubanana katika bweni la zamani, tukimnung'unikia, na wapo wakubwa waliomwita mkaidi. Je, aligombana nao? Hata kidogo. Alirudi ofisini wiki baada ya wiki, kwa upole ule ule, mpaka fundi akaletwa: komeo likashushwa, mlango wa pili ukatobolewa upande wa nyuma, nondo zikawekewa bawaba. Kisha akatufunga macho kwa kanga na kutufundisha kutoka kwa kupapasa, na mlango wa nyuma akamkabidhi Nadine.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja baada ya ibada, mvua ilitukuta bwenini. Radi za nyanda hizi mnazijua. Moja ilipiga paa, waya zikashika moto darini, na moshi ukatushukia mzito hata usione kiganja chako. Mlango wa mbele ulikuwa tayari unawaka. Mimi niliganda palepale. Ndipo nikasikia sauti ya Nadine: "Njoni huku! Huku kumefunguka!"

Tulitoka tukikohoa, tukamkuta Mwalimu mvuani, kiatu kimoja mguuni, akitugusa vichwa mmoja baada ya mwingine huku akilia waziwazi. Magodoro yaliteketea na masanduku pia. Msichana hakuteketea hata mmoja.

Ndugu zangu, miaka ikapita. Siku moja kazini nilifungwa mikanda ndani ya mfano wa chombo chetu, nimevaa vazi zito la wanaanga, nikaambiwa nivute mpini wa kufungulia mlango wa dharura. Nikanyoosha mkono. Haukufika. Wenzangu wakacheka kwa wema tu, na mkuu wangu akasema, "Basi tutachagua watu wenye mikono mirefu."

Mngekuwa ninyi mngejibu nini? Nilikuwa mgeni katika nchi ya watu, na kibali changu cha kuishi kilitegemea kazi ile. Niliutazama tena ule mpini. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hapana. Mkono wangu hauna kosa." Nikawasimulia habari za bweni letu.

Mkuu wangu, na ninamheshimu kwa hili, hakukasirika. Alipanda yeye mwenyewe, mtu wa miraba minne, akaagiza taa zizimwe, moshi wa majaribio umwagwe, na mkono wake mmoja ufungwe kana kwamba umevunjika. Alihangaika mle ndani mpaka tukamfungulia sisi. Alitoka jasho likimtiririka, akakaa chini, akasema, "Tuusogeze huo mpini." Safari ya angani iliahirishwa, michoro ikaanzwa upya, na sharti likaandikwa: kila mwanaanga, mdogo au mkubwa, hata akiwa ameumia, aweze kutoka bila kusaidiwa.

Mwaka huu chombo kile kiliruka na watu wanne. Siku waliporudi, nilimpigia simu Mwalimu. Alikuwa sokoni hapo Kasulu mjini, nilisikia kelele za bodaboda nyuma yake. Nikamwambia, "Mwalimu, wametua. Wamefungua mlango wenyewe, wametoka." Nilidhani mtandao umekatika. Kumbe alikuwa anafuta macho.

Kisha akaniuliza, "Na wewe, umekula?"

Kweli, sikuwa nimetia kitu kinywani tangu jana yake. Alijuaje? "Nenda ukale, mwana wanje," akasema. "Wako salama sasa. Nenda ukale."

Mwalimu Esteri, wasichana wako tumetawanyika. Wengine tuna watoto wanaotuita mama, na watoto hao wapo duniani kwa sababu ulikuwa mkaidi. Hatuna zawadi ya kulingana na hilo. Nenda nyumbani kwako Munanila ukapumzike.

Nawashukuruni nyote kwa kunitegea masikio. Naambiwa chakula kiko tayari. Tafadhalini, mtu asisimame, hata Mheshimiwa atatuwia radhi, mpaka Mwalimu apakuliwe kwanza.