Maji ya Kijani ya Kisima cha Mwanarehema

Mwanijia tena na kisima hicho, kana kwamba ni hadithi ya kumlaza mtoto. Mie shule nilikaa miezi mitatu, na mkaanga mahamri hana muda wa kusimulia. Lakini nikinyamaza watasimulia wanaume wa kijiweni, nao ndio walioharibu. Basi sikizeni. Ilikuwa Kisauni, mwaka mmoja kabla ya bendera ya Uhuru. Benchi la kijiweni lilielekea kisima alichochimba kaka yangu Mbwana, sadaka ya marehemu mama yetu Mwanarehema. Jina la mama alilichonga kwenye jiwe mdomoni mwa kisima. Hatua sita kutoka hapo akajenga na choo cha shimo, ili watu wasihangaike kubeba maji ya kuchambia. Alisifiwa mji mzima. Mbwana tulimwita Kadhi, kwa kupenda kuhukumu yasiyomhusu. Ubavuni mwake alikaa Odhiambo, jina la kijiweni Relwe, maana alitandika reli Changamwe, na Boga mwenye dele la kahawa. Mie nilikuwa ng'ambo ya njia na karai langu, nikisikia yote.

Ngowa, mwana wa Kache wa Utange, alikuwa chuo kikuu Nairobi akisomea uinjinia wa majengo na maji. Kila likizo alikuja na kamba yake kupima visima, akiandika katika daftari moja. Bila daftari lile hapati shahada. Ijumaa aliwaambia wazee: namwaga rangi chooni, tuone kama itatokea kisimani. Wakacheka. Jumanne ndoo ikatoka na maji ya kijani kama mchicha.

— Jini huyo, akasema Boga. Mwezi wa pili huu hatujafukiza ubani.

— Jini wa kijani umemuona wapi? Relwe akamkata kauli. Haya yatoka bandarini. Kuna bomba chini ya bahari, nimelisikia likinguruma.

— Ulisikia tumbo lako.

— Basi ni serikali! Uhuru waja, Wazungu watujaribia rangi za bendera.

— Hapana, akasema Boga. Hawa ni watu wa Mwambao. Wataka kujitenga na Kenya, wameanza kutia alama maji yao.

Ngowa akatokea, daftari kwapani.

— Shikamooni, wazee. Rangi ni yangu, niliwaambia. Ilikopita rangi, na uchafu wa choo wapita. Imechukua siku nne. Masika yakija haitachukua hata moja. Nawaomba choo kifungwe leo, na kisima kisitekwe.

Kaka yangu akasimama.

— Wasema sadaka ya mama yangu ni kinyesi?

— Sijasema hivyo, mzee Mbwana.

— Miaka mitatu twanywa maji haya. Nani ameumwa? Relwe, wewe?

— Mie? Sijaumwa hata jino.

— Boga?

— Tumbo langu jiwe.

— Ninyi mwanywa kahawa, akasema Ngowa. Imechemka.

Mbwana akampokonya daftari, akalisokomeza kwenye makaa chini ya dele. Mwaka mzima wa kupima ukashika moto. Mie nilikuwa na koleo mkononi. Ningevuka njia ningeliopoa. Mafuta yangu yalikuwa yamechemka, sikuvuka. Ngowa alitia mkono motoni, akatoka na jalada.

— Angalau kahawa itapata moto, akasema Boga.

Relwe alicheka peke yake, kisha akaacha.

Hapo akafika Jumwa, mpangaji mgeni, siku yake ya pili mtaani, ndoo kichwani.

— Hamjambo, wazee. Nimesikia maji haya hayawadhuru wanywa kahawa. Je, sisi tusiokaa benchini tunywe nini?

Kadhi akamtazama Relwe. Relwe akamtazama Boga. Boga akaliepua dele. Wakatawanyika, kila mtu akakumbuka shughuli yake. Jumwa akateka. Sote tuliteka. Siku chache baadaye kijani kikaisha, watu wakasema na maneno yameisha.

Masika yakaja na homa ya matumbo. Jumwa alizika wanawe wawili. Ngowa hakurudi chuo. Hakuwa na cha kuwaonyesha walimu wake. Mara ya mwisho nilisikia yuko bandarini, apakua magunia.

Na kaka yangu? Dhahabu, binti yake wa pekee, alikuwa mjamzito, hata harufu ya kahawa haivumilii. Alikunywa maji. Siku ya kumwosha tuliletewa maji kutoka Frere Town.

Matanga yalipokwisha, Mbwana alikifukia kisima chake kwa mawe, mchana kweupe, watu wote wakimtazama. Relwe na Boga hawakuinua hata kokoto. Nami sikuinua. Jiwe alilotia mwisho lilikuwa lile lenye jina la mama yetu.