Zima Injini na Picha Kumi na Nne za Kereng'ende

Baada ya miaka thelathini na moja ya kupiga picha za mabomba, mpiga picha wa idara yetu ya maji anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Jarida letu limeniomba mimi, dereva wake kwa miaka ishirini na miwili, niandike wasifu wake. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu hakuna binadamu aliyemngoja kwa muda mrefu kuliko mimi, hata mkewe.

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa moja tu: kupiga picha ya bomba lililopasuka, kabla na baada ya matengenezo, ili fundi asije akadai ametengeneza kumbe amelifunga kwa mpira wa baiskeli. Ni kazi ya dakika tano. Yeye aliifanya kwa saa mbili. Tukifika tu, utasikia, "Zima injini," na jina hilo likamganda. Halafu anachuchumaa na kutulia tuli, jicho kwenye kamera. Bomba linamwaga maji, mafundi wanamwaga maneno, mwenyewe hana habari. Picha ikitoka, bomba liko kwa mbali kabisa, nyuma ya konokono.

Nilichukia, sikatai. Shemeji yetu naye alikuwa akinipigia simu jioni: "Leo mume wangu umemwacha kwenye kichaka gani?" Mwaka wa tatu, kwa kukosa la kufanya, nikaanza kutazama anakotazama yeye. Ndipo nilipojua kwamba konokono ana pembe nne, si mbili, na kwamba chini ya daraja nililolipita kila siku kuna ndege anayejenga kiota kwa tope, tonge moja moja. Nilijiona mjinga wa kutupwa.

Kisa kikubwa ni cha ghala la vifaa, ambacho ofisini husimuliwa mlango ukiwa umefungwa. Miaka sita iliyopita, Mkurugenzi wetu alichagua kiwanja cha kulijenga nyuma ya kituo cha pampu. Wapimaji walipita asubuhi moja ya kiangazi, wakaandika "pakavu," wakaenda zao. Ilibaki picha moja ya kiwanja kitupu ili faili lisainiwe kesho yake. Zima Injini alitumwa asubuhi, akarudi jioni na picha kumi na nne za kereng'ende, yule mdudu wa mabawa manne. Kiwanja chenyewe hakikuonekana hata kwa dawa.

Mkurugenzi alifoka mpaka miwani ikamteleza. Barua ya kumwachisha kazi ikaanza kuchapwa palepale, naye alikuwa na watoto wawili shuleni. Niliogopa kwa niaba yake, maana mwenyewe alikuwa akizipanga picha mezani taratibu kama mtu anayecheza karata.

"Bosi, tazama huyu jike," akasema. "Anachovya mkia kwenye nyasi. Anataga. Na huyu hatagi pakavu, hata umbembeleze."

Mhandisi wa ghala, aliyekuja kuchukua faili, akacheka, kisha akaacha kucheka. Kesho yake tukachimba, na koleo la nne likatoka na maji. Palikuwa na chemchemi. Ghala lingezama na mabomba yake yote, na mtaa wa bondeni ungekosa maji unayokunywa leo.

Barua haikumaliziwa. Mkurugenzi hakuomba radhi. Wakurugenzi hawana fomu ya jambo hilo. Lakini wiki iliyopita kikao cha kupanga sherehe ya kumuaga Zima Injini kilikwama kwa sababu mwenyekiti, yaani Mkurugenzi mwenyewe, hakuonekana. Nikatumwa kumtafuta. Nilimkuta kwenye chemchemi, amelala kifudifudi, tai imelowa tope, simu mkononi, kamera yake ikielekea nyasini. Nilipokohoa akaninyooshea kidole ninyamaze.

"Dakika moja," akanong'ona. "Anakuja."

Nikalala kando yake. Kikao tulikikosa chote.

Asante, kaka, kwa kutuchelewesha. Tunakuombea afya, macho makali na magoti yasiyolalamika. Siku zako za kupumzika ziwe ndefu na zenye heri. Nenda salama, wala usishangae tukikushika mkono kwa muda mrefu: hatuna haraka ya kukuaga.