Rubani Kamshukia Pamba

Mbele ya duka la Fundi Uzi pana benchi la mbao lenye miguu mitatu ya kwake na mmoja wa matofali. Hapo, kila asubuhi, jua likishavuka paa la bucha ya ng'ambo, hukaa watu wale wale. Fundi Uzi mwenyewe, mshona nguo, hukaa mlangoni na cherehani yake ili lisimpite neno. Redio, mwuza nyama wa bucha ile ya ng'ambo, hajawahi kuambiwa habari akakiri kuwa hakuisikia kabla. Breki, dereva wa malori aliyestaafu, hakuna mji utakaoutaja asikwambie alipasukiwa gurudumu hapo. Kahawa ni ya Bi Birika, anayekaa pembeni kwenye kigoda chake, jiko miguuni, ulimi tayari. Juu ya bati la duka, na kwenye waya unaopita mbele yake, vinapepea vitambaa vyeupe vidogo vidogo. Vimekaa huko siku nyingi hata hakuna anayeviona tena. Na asubuhi hiyo hakuna aliyetazama juu. Wote walikuwa wameinama, wanachungulia chini ya cherehani, ndani ya kikapu cha mabaki ya nguo.

— Anapumua? aliuliza Breki.

— Anapumua. Angekuwa hapumui, mimi ningekuwa hapa nakunywa kahawa?

— Ungekuwa, alisema Bi Birika. Wewe Fundi sijaona msiba uliokutoa kikombe mkononi.

Kikapuni alikuwamo Pamba, paka mchanga, mweupe kuanzia ncha ya pua hadi ncha ya mkia. Jana mchana alikuwa amejikunja mbele ya mlango anaota jua, mara mwewe akamshukia, akamnyanyua kimo cha mtu mzima, halafu kucha zikamponyoka. Fundi Uzi alimwokota vumbini akiwa na michirizi miwili ya damu mgongoni. Aliiosha kwa maji ya chumvi, akaona si ya kutisha. La kutisha lilikuwa jingine: tangu saa ile Pamba hajaonja kitu, wala hajatoa hata sharubu moja nje ya kikapu.

Na Pamba hakuwa wake. Alikuwa wa mjukuu wake, mtoto wa miaka saba, aliyekwenda likizo kwa shangazi yake na kuacha maagizo kama bosi: maziwa yawe vuguvugu, masikio asiguswe, na asifungiwe ndani kwa sababu anapenda kuona watu. Fundi Uzi aliyashika yote. Bibi mkubwa huyo alikuwa anarudi kesho.

— Nitamwambia nini, jamani?

— Mwambie paka wake kapanda ndege, alisema Breki.

Redio alianza kucheka, akashika shavu. Lilikuwa limevimba kama la mtu aliyeficha andazi.

— Usinichekeshe, Breki. Jino nililong'oa jana bado linanikumbuka.

Fundi Uzi hakucheka. Alisukuma kisosi cha maziwa karibu na kikapu, akangoja. Kikapu kikatulia tuli.

— Kinachoniuma, alisema, ni kwamba si mwewe wa kupita. Ni Rubani. Rubani wetu! Nimemwona na lile pengo lake la unyoya kwenye bawa la kushoto.

Mwewe huyo Rubani alikuwa mtu wao. Walimpa jina wenyewe. Kila asubuhi, baada ya kikombe cha kwanza, Redio huvuka barabara na kipande cha mafuta ya ng'ombe, Fundi Uzi hukifungia kitambaa cheupe cha bitana, na kifurushi huwekwa chini, vumbini, mbele ya mlango. Kitambaa lilikuwa wazo la Fundi. Mwanzoni mafuta matupu yalikuwa yanapotelea vumbini na Rubani anapita zake. Tangu waanze kuyafunga, anayaona akiwa huko mawinguni. Basi wao huhesabu kwa pamoja, moja, mbili, tatu, na kabla ya tano Rubani keshashuka, keshakwapua, kesharuka juu ya bati kuchana kitambaa na kula. Breki hupiga makofi, Redio hujisifu kana kwamba ndiye aliyeruka. Ndiyo ilikuwa sinema yao.

— Haiwezekani, alisema Redio. Rubani ni mtu mzuri.

— Rubani ni ndege, alisema Bi Birika.

— Ndege mzuri, basi. Huyo wa jana atakuwa mgeni. Nimesikia, kuna mwewe wanahama kutoka mbali, wakifika mtaani wanajifanya wenyeji.

— Na pengo la bawa?

— Unyoya kaung'oa njiani ili afanane.

— Redio! Ndege ajing'oe unyoya ili amsingizie mwenzake? Wewe jino lile walilitoa na kipande cha akili.

— Mimi nawaambia ni wivu, alisema Breki, akakishika vizuri kile kikombe chake mkononi kama usukani. Sikilizeni. Kuna mji mmoja nililala siku mbili, gurudumu limepasuka. Palikuwa na jogoo. Jogoo yule alinizoea, namtupia mahindi, tunaelewana. Siku ya pili nikamtupia mahindi bata. Mwenzenu, jogoo alinifukuza kulizunguka lori mara nne! Rubani ameona nini hapa wiki mbili hizi? Ameona Fundi anampakata paka, anampa maziwa ya vuguvugu. Yeye je, amewahi kupewa cha vuguvugu?

— Sasa Fundi akampakate mwewe?

— Sijasema ampakate. Nasema moyo wa kiumbe ni moyo.

— Si wivu, alisema Redio, ambaye hakupenda kupitwa. Ni mkewe. Mkewe yuko karibu kutaga, anataka kitu laini cha kutandika kiotani. Rubani kaona manyoya yale, kasema hapa sasa nimepata godoro.

— Godoro zima, lenye miguu?

— Miguu angeikata huko huko.

— Astaghfirullah, mbele ya mgonjwa! alisema Bi Birika, akafunika kikapu kwa kiganja.

Breki alikuwa hajamaliza. Alisema basi inawezekana ni macho. Macho ya paka yanawaka juani, na yeye kwenye malori alijua kabisa, ukimwashia mwenzako taa mara mbili maana yake njoo, njia nyeupe. Kwa hiyo, kwa kweli, ukitazama sheria za barabarani, Pamba ndiye aliyemwita.

— Kwa hiyo kosa ni la paka? aliuliza Fundi Uzi taratibu.

— Sijasema kosa. Nasema aliashiria.

Bi Birika alijaza vikombe. Alipofika kwa Redio alimtazama lile shavu.

— Mimi sijui taa wala magodoro, alisema. Ninachojua, jana Redio hukuja. Ulikuwa kwa daktari wa meno, bucha imefungwa, mafuta hayakuwekwa. Rubani alizunguka hapa juu asubuhi nzima, analia.

— Ehe! Redio akapiga paja. Basi kakasirika! Alikuja kushtaki!

— Alikuja kugoma, alisema Breki.

— Alitaka kutuonyesha!

Na maneno yakakimbilia huko, kwenye hasira za ndege na namna zinavyolipizwa, hadi Breki akamkumbuka kunguru wa mji mwingine aliyemchukia fundi baiskeli kwa miaka sita. Fundi Uzi hakuwasikia tena. Alikuwa anatazama kisosi. Maziwa yalikuwa yameanza kufanya utando. Akilini akamwona mtoto kesho anaingia na begi mgongoni, hasalimii mtu, anapiga magoti moja kwa moja chini ya cherehani. Pamba, nimerudi. Na kikapu hakijibu.

— Hata kama atapona, alisema, akimuuliza yeyote atakayejibu, atatoka tena nje? Mtoto kasema asifungiwe. Nami nitamwachaje nje na yule yuko juu?

Redio akainama kwenye benchi, akashusha sauti.

— Fundi. Buchani ninayo ile sumu ya panya. Mafuta ya leo haya hapa mfukoni. Wewe funga kama siku zote. Kesho mtoto akija, mbingu nyeupe.

Breki alikitazama kikombe chake.

— Umepiga makofi pamoja nasi miezi yote hii, alisema Bi Birika. Leo umtilie sumu?

— Mimi pia silipendi wazo lenyewe, Bi Birika. Lakini ni yeye au paka wa mtoto.

Fundi Uzi alinyoosha mkono. Redio akampa mafuta, akavuka barabara kwenda kuleta kichupa. Fundi alichana kipande cha bitana nyeupe, akaweka mafuta katikati, akakunja pembe moja, akakunja ya pili, vidole vyake vikienda vyenyewe kama vinavyopinda pindo la suruali. Alipomaliza, kifurushi kilikaa kiganjani, kidogo, cheupe, cha mviringo. Juu, pale angani, Rubani alikuwa tayari anazunguka. Redio alirudi na kichupa, kizibo kikiwa bado kimefungwa, akakisimamisha juu ya benchi kati ya vikombe.

Hapo ndipo akatokea mama mmoja na pazia begani. Alikuwa amehamia juzi nyumba ya nyuma ya bucha, hajajuana na mtu.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu, marahaba. Karibu.

— Naomba kupunguziwa pazia. Limezidi dirisha, linafagia sakafu.

Alitafuta pa kuliweka, akainama, akaona kikapu.

— Lo! Masikini kitoto. Kafanywa nini?

— Mwewe, alisema Breki. Ni habari ndefu. Kuna upande wa wivu na kuna upande wa taa.

Mama yule alimtazama paka, mweupe, amejikunja mviringo juu ya matambara. Akatazama kiganja cha Fundi Uzi. Halafu akainua macho kuufuata waya, na kutoka kwenye waya hadi kwenye bati.

— Samahani, mimi ni mgeni hapa, alisema. Hivi vile vitambaa vyeupe huko juu ni vya nini?

Redio alifungua mdomo. Akamtazama Breki amsaidie. Breki akamtazama Bi Birika. Bi Birika akachukua birika amimine, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi, likatoa matone mawili na machicha.

— Kahawa imeisha, alisema.

Fundi Uzi alikuwa bado ameshika kifurushi. Alikipima kwa macho, akapima kikapu. Akatazama pale mlangoni, pale vumbini, mahali pale pale ambapo wamekuwa wakiweka na ambapo Pamba alikuwa amejikunja. Masikio yakamwaka moto.

— Redio, alisema, rudisha kichupa chako.

— Fundi, sisi hatukuwa na nia…

— Rudisha. Breki, njoo unishikie ngazi.

Breki kwa kawaida angeeleza habari za goti lake. Safari hii alikwenda akaishika ngazi kwa mikono miwili. Fundi Uzi alifungua kifurushi, akaacha mafuta juu ya meza ya cherehani, akatia kitambaa mfukoni, akapanda.

Huko juu bati lilikuwa limeanza kupata moto. Vitambaa vilikuwa vingi kuliko alivyodhani. Vingine vimekwama kwenye misumari, vingine vimelowa mvua na kukauka, vimeshikana na bati kama ngozi. Akavibandua kimoja kimoja. Kila kimoja alikijua: bitana ya koti la mwalimu, bitana ya gauni la harusi, mabaki ya sare za shule. Rubani alikuja akatua kwenye mgongo wa paa la bucha, akamtazama kwa jicho moja, anangoja.

— Usinitazame hivyo, alimwambia. Leo hakuna. Na kosa si lako.

— Unasema na nani huko? aliuliza Bi Birika kutoka chini.

— Nasema na mwenye haki yake.

— Na kesho? Utamwambia nini mtoto?

Fundi Uzi alitia kitambaa kingine mfukoni.

— Nitamwambia babu yake ndiye aliyemfundisha Rubani.

Akageuka kushuka, na ndipo akaangalia chini, mahali ambapo hakuwahi kupaangalia kutoka juu. Aliona kivuli cha benchi, vichwa vya watu, pazia la mgeni. Na mbele ya mlango, vumbini, aliona kifurushi. Kidogo, cheupe, cha mviringo. Akapapasa mfuko, kitambaa cha leo kilikuwa mle mle. Kifurushi kikasogea. Harufu ya mafuta ilikuwa imemtoa Pamba kikapuni. Alikuwa ameyaburuta kutoka mezani hadi mlangoni na sasa amejikunja juani, anatafuna. Kutoka juu hakuwa na masikio, hakuwa na macho, hakuwa na mkia.

— Hata mimi ningeshuka, alisema Fundi Uzi.

Kule kwenye paa la bucha Rubani alinyoosha shingo, akafungua mabawa nusu. Benchi lote liliona. Safari hii hakuna aliyehesabu.

— Bi Birika, Fundi aliita, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Mtandio wako.

Bi Birika aliuvua mtandio wake mweusi kichwani, akapiga hatua mbili, akaushikilia juu ya Pamba kama hema dogo, akasimama hapo nywele zake nyeupe zikipigwa na jua. Paka akaendelea kutafuna.

— Shuka basi, alisema. Mkono utaniuma. Na mama wa watu anangoja pazia.